Moyo Ulioshonwa Hupimwa Bila Kisu

Leo tuzungumze juu ya watoto waliozaliwa na kasoro ya moyo, wakafanyiwa upasuaji, na sasa ni wavulana na wasichana wa shule. Huku kwetu Meru na Embu wapo, na wengine walisaidiwa na zile mbio za Hospitali ya Mater, Nairobi, zilizoanza miaka ya 1990 kuchangia watoto wenye ugonjwa wa moyo. Mtoto akirudi nyumbani ananenepa, anachota maji, anacheza mpira. Ndipo mama anauliza: amepona, kwa nini nilipe nauli tena apimwe? Mwingine anaogopa kwamba kupimwa moyo ni kupasuliwa mara ya pili. Ukijua kipimo hiki kilitoka wapi, utapata jibu la maswali yote mawili.

Hapo zamani daktari alikuwa na sikio lake tu. Mwaka 1816, mjini Paris, daktari René Laennec alikunja karatasi ikawa kama mrija, akasikiliza nao moyo wa mgonjwa. Chombo tunachokivaa shingoni kilianzia hapo. Sikio ni zuri, lakini halioni ndani. Mwaka 1929 daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akaenda kupigwa eksirei ili athibitishe. Ujasiri wa namna hiyo mimi sina! Njia hiyo bado hutumika inapohitajika, lakini ni kuingia mwilini mwa mtu.

Upasuaji nao ulikuwa unakua. Mwaka 1944, mjini Baltimore, Marekani, watoto waliokuwa na midomo ya buluu kwa kukosa hewa katika damu walipata njia ya kusaidiwa. Daktari wa watoto Helen Taussig alitoa wazo, mpasuaji Alfred Blalock akashika kisu, na Vivien Thomas, fundi Mweusi wa maabara, ndiye aliyekuwa amefanya majaribio ya upasuaji huo kwa mbwa. Jina la Thomas lilikawia sana kutajwa. Huyo Taussig masikio yake yalikuwa mazito, akajizoeza kuupima moyo wa mtoto kwa vidole. Kisha mwaka 1954, huko Minnesota, Walton Lillehei alianza kuziba matundu ndani ya moyo wenyewe. Mara nyingi mzazi alilazwa kando ya mtoto, na moyo na mapafu ya mzazi yakafanya kazi kwa ajili ya wote wawili. Mama, hebu fikiria hilo.

Wengi waliona kwamba mtoto akishashonwa kazi imekwisha. Taussig hakuona hivyo. Aliendelea kuwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka mingi hata walipokuwa watu wazima, na kwa maoni yangu hilo lina uzito sawa na upasuaji wenyewe.

Lakini utawafuatiliaje bila kuwaingiza mrija kila mara? Jibu lilitoka mahali usipopatarajia. Mwaka 1953, huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler alitafuta njia ya kuona vali za moyo. Rafiki yake Hellmuth Hertz, mwanafizikia, alijua kwamba kiwanda cha meli kilitumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma. Wakaazima mashine ya namna hiyo, wakaielekeza kifuani. Ukisimama kwenye bonde la mto Thuci ukaita kwa nguvu, ng'ambo hukurudishia sauti. Huo ni mwangwi, na neno "eko" tunalolisikia hospitalini maana yake ni hiyo hiyo. Sauti ya mashine hii ni nyembamba mno, sikio la mtu haliwezi kuisikia. Inagonga ukuta wa moyo na kurudi. Hakuna kisu wala sindano, na haina miale kama ya eksirei, ndiyo maana inaweza kurudiwa mara nyingi.

Mwanzoni ilikuwa mistari tu kwenye karatasi. Miaka ya 1970 ikaja picha ya moyo unaodunda, na mapema miaka ya 1980 Wajapani wakaongeza rangi. Ukiona nyekundu na buluu kwenye skrini usishtuke. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa na buluu ni inayokwenda mbali nacho. Si damu nzuri na damu mbaya.

Kipimo hiki ndicho kilichoonyesha kwamba moyo ulioshonwa unaweza kubadilika kimya kimya. Chukua mtoto aliyekuwa na midomo ya buluu kwa sababu njia ya damu kwenda mapafuni ilikuwa nyembamba. Mpasuaji huipanua njia hiyo, na mara nyingi vali iliyo hapo hubaki ikivuja. Chumba cha kulia cha moyo kinapokea damu inayorudi, kinatanuka pole pole kwa miaka, na kijana bado anakimbia uwanjani bila kulalamika. Eko hulionyesha hilo mapema, na vali inaweza kubadilishwa kabla misuli haijachoka kabisa. Ukingoja hadi avimbe miguu, umechelewa.

Siku ya kipimo kijana hulala ubavu wa kushoto, anapakwa mafuta baridi kifuani, na kifaa kinatelezeshwa juu ya ngozi. Anaweza kupimwa pia mapigo ya moyo kwa waya za kubandika, au kutembezwa kwenye mashine ili ionekane moyo unafanyaje ukipewa kazi. Msichana apimwe kabla ya kufikiria kubeba mimba, kwa sababu mimba huuongezea moyo mzigo.

Daktari ndiye atakayesema arudi baada ya muda gani, maana kasoro hazifanani. Ulizia kwanza katika hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu kama kuna eko na ni siku gani. Beba ile barua ya upasuaji hata kama imechakaa, kwani bila hiyo anayepima hajui nini kilishonwa. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF, kwa hivyo hakikisha mtoto ameandikishwa chini yako. Na akizimia, akishindwa kupumua, au moyo ukimwenda mbio akiwa ameketi tu, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.