Nani Alisaga Liwa?

Msio ni mzito kuliko unavyoonekana. Ule wa shangazi yangu, Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, umechongwa kwa tumbawe, mviringo, upana wa sahani ndogo, na katikati umelika hadi pamefanya kibonde. Unaunyunyizia maji kidogo, unashika kipande cha gogo la liwa, unakizungusha upande mmoja bila kukikandamiza. Mwanzoni hupati kitu ila maji yenye vumbi. Kisha uji mzito wa rangi ya maziwa ya chai unaanza kujikusanya ukingoni, na harufu ndiyo inayokuja mwisho, tena haina haraka. Liwa ya kupaka uso mmoja yataka mkono wenye subira. Ya kumsinga bi arusi mwili mzima, siku baada ya siku kabla ya nikaha, yataka mikono kadhaa.

Ndiyo maana nikisikia urembo wa asili ukisifiwa, kwamba bibi zetu walijipaka mimea tu na ngozi zao zikang'aa, mie huuliza: nani aliyekuwa akisaga?

Lakini kwanza hilo la asili. Kwenye kikapu cha somo, yule mwanamke anayeitwa kumsinga bi arusi, vingi ni vya kuja. Msandali wenye liwa ya kifahari ni mti wa Bara Hindi. Huko Mysore ulithaminiwa hata Tipu Sultan, mwaka 1792, akautangaza kuwa mti wa kifalme, ukiota shambani mwako si wako. Magogo yake yaliletwa na majahazi ya kaskazi, na manjano vilevile. Marashi mawaridi ya kuchanganyia yalitoka Oman, kwenye vijiji vya Jabal Akhdar ambako waridi huvunwa hadi leo na kukenekwa. Hata karafuu, ambayo mgeni yeyote angeapa ni ya Unguja tangu kuumbwa dunia, asili yake ni visiwa vya Moluku, na Unguja ilipandwa mwanzoni mwa karne ya 19 tu.

Vyetu hasa ni maua. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, ua lake si la kuvutia macho, lakini likitiwa kwenye kikuba pamoja na rihani na asumini, chumba kizima kinajua nani kaingia. Wataalamu wa mimea walichelewa kuujua: mwaka 1970 Bernard Verdcourt wa bustani za Kew ndipo alipouandika rasmi, akaupa jina la Mkilua fragrans, yaani akalichukua la wanawake wa pwani kama lilivyo.

Mkadi haukupata heshima hiyo. Ni ule mti wa ufukweni wenye mizizi iliyosimama juu ya mchanga na majani marefu yenye miiba, na maua yake ndiyo yaliyotiwa kwenye nguo sandukuni na kwenye singo ya maarusi. Jina lake la kitaalamu, Pandanus kirkii, ni la John Kirk, daktari na mpenda mimea aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja. Huyo huyo ndiye aliyembana Seyyid Barghash, Sultani wa Unguja, mpaka tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Mkunazini.

Mkataba ulifunga soko; haukufunga majumba. Sayyida Salme, binti ya Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani zikatoka mwaka 1886. Watu hukisoma kitabu hicho kwa ajili ya manukato, na kweli yamejaa tele. Mie nilikisoma kuangalia mikono. Kuna mjakazi wa kukukanda viungo uamkapo na wa kukupepea ulalapo. Uzuri wa bibi ulikuwa kazi ya watu wengi, na wao majina yao ni nadra kutajwa.

Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje ya sheria hiyo hadi 1909. Kwetu pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Waliokuwa wajakazi walivua kaniki wakavaa kanga, wakajifunika vichwa kama mabibi zao, wakaanza kuonekana arusini kama waalikwa. Na ujuzi waliokuwa nao vidoleni, wa kusaga, kusinga, kupaka hina, ukawa kazi yenye ujira.

Shangazi alifundishwa kazi na somo mmoja ambaye mamake alizaliwa utumwani. Huyo somo alikuwa akisimulia kwamba mamake alisaga liwa utoto wake wote na hakuruhusiwa kujipaka hata iliyobaki kidoleni. Basi yeye alipokuwa akiitwa kusinga maarusi alitoa masharti mawili kabla hata ya kutaja mchele na doti za kanga: msio ni wake, na liwa itakayobaki ni yake. Wenye arusi walimwona mchoyo. Mie naona ndiye aliyekuwa akijua historia kuliko sisi sote tuliosoma.

Kusini mambo ni ya wazi zaidi. Ilha de Moçambique na pwani ya Nampula, wanawake wa Kimakua husaga juu ya jiwe mti wa huko huko, musiro, wakaenda sokoni na nyuso nyeupe mchana kweupe. Zamani musiro ulitambulisha kama mwanamke ameolewa au la. Sasa hupaka atakaye. Wangazija na Waanjuani nao wana msindzano, na hawaufichi. Kwetu liwa ilibaki jambo la ndani, la arusi, la mzazi, la mtoto mwenye vipele vya joto. Nawaonea wivu kidogo.

Turudi kwenye mti wenyewe. Msandali wa India ulipoadimika na kupanda bei, wafanyabiashara waligeukia wa huku kwetu bara, Osyris lanceolata, ambao mizizi yake wafugaji waliitia kwenye chai na dawa miaka nenda miaka rudi. Bahati mbaya ya mti huo ni kwamba mafuta yake mengi yamo kwenye mizizi na chini ya shina, kwa hiyo haukatwi, hung'olewa. Kenya ilipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, na mwaka 2013 ukawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, kwa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia. Magendo hayakukoma. Anayechimba huko Samburu hupata ujira mdogo, na ndiye wa kwanza kushikwa. Anayenunua mafuta haonekani hata kwa darubini.

Majuzi niliingia duka moja mjini nikakuta liwa ya unga kwenye kopo la plastiki, bei yake ya kutosha kununua kanga nzuri. Nikamwuliza kijana muuzaji: hii ni ya msandali gani, wa Bara Hindi au wa hapa?

"Mama, hii orijino," akasema. "Ya asili kabisa."

"Asili ya wapi, mwanangu?"

Akaligeuza kopo akanionyesha jani lililochorwa kwenye kibandiko. Lilikuwa jani la mwarobaini.