Duka la Wafumaji wa Rochdale

Msomaji, watu wengi huamini kwamba biashara na wema ni mafahali wawili wasiokaa zizi moja. Mfanyabiashara, husema, hutafuta faida. Mtenda wema hutoa bila kutarajia kurudishiwa. Basi atakaye yote mawili atayakosa yote mawili. Historia haikubali neno hilo upesi. Katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, wafumaji maskini walifungua duka mwaka 1844 kwa nia ya kufaana, na duka hilo likajilisha lenyewe kwa miaka mingi. Yafaa tulitazame jinsi lilivyosimama, maana nia njema walikuwa nayo wengine kabla yao, na maduka yao yalianguka.

Kwanza fikiri hali ya watu wale. Mashine za viwandani zilikuwa zimeishusha thamani ya kazi ya mikono, na ujira wa mfumaji ulikuwa haba. Ujira ulipokwisha kabla ya juma kwisha, alikwenda dukani kukopa. Mwenye duka alimpa, lakini kwa bei aliyoitaka yeye. Na siku hizo haikuwa ajabu kukuta unga umechanganywa na shabu au chokaa ili uonekane mweupe. Mkopaji aliona, akanyamaza. Mwenye kudaiwa hachagui, wala hana ulimi wa kulalamika mizani inapopunja.

Wenyeji wa Rochdale walikuwa wamekwisha kujaribu dawa ya ugonjwa huo. Mwaka 1833 baadhi yao walifungua duka lao la ushirika katika barabara iitwayo Toad Lane. Kwa huruma waliwauzia wenzao kwa mkopo, na wenzao hawakuweza kulipa. Duka lisilolipwa haliwezi kununua bidhaa nyingine, na mwaka 1835 mlango ukafungwa. Hebu litafakari jambo hili: duka lile halikuuawa na uchoyo, liliuawa na huruma isiyo na hesabu.

Walioanza tena mwaka 1844 hawakulisahau funzo hilo. Waliweka akiba ya peni mbili kila juma, baadaye tatu, hata wakapata paundi 28. Chama chao wakakiita Chama cha Watangulizi Waadilifu wa Rochdale. Walipanga chumba cha chini cha ghala moja katika Toad Lane ile ile, na usiku wa tarehe 21 Desemba wakafungua madirisha. Ndani mlikuwa na siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Zaidi ya hayo hamkuwa na kitu. Vijana wa mjini walikusanyika nje wakacheka.

Lakini rasilimali yao kubwa haikuwa katika rafu. Ilikuwa katika kanuni zao. Waliuza kwa fedha taslimu tu. Waliuza bidhaa safi kwa kipimo kamili. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe ana hisa nyingi au chache. Fedha iliyowekwa na wanachama ilipata riba yenye mpaka, isiyoweza kumeza faida yote. Na iliyobaki baada ya gharama na riba iligawanywa kwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao, wala si kwa kadiri ya utajiri wao.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo ufunguo, basi tuipime kwa mfano. Paundi moja ya siku hizo ilikuwa shilingi 20. Tuseme duka limepata ziada ya shilingi 1 katika kila paundi ya mauzo. Mama aliyenunua vitu vya paundi 3 atapewa shilingi 3. Aliyenunua vya paundi 10 atapewa shilingi 10. Mama huyo hakuhitaji kuwa tajiri ili apate gawio; alihitaji kununua unga wake pale pale. Hivyo kila mnunuzi alikuwa mlinzi wa duka, kwa kuwa lilipostawi, alistawi nalo.

Pengine utauliza: ikiwa shabaha yao ilikuwa kuwasaidia maskini, mbona hawakuuza kwa bei ya chini kuliko maduka mengine? Swali ni la haki. Bei ya chini ingewafurahisha watu mwezi mmoja, kisha duka lisingekuwa na cha kununulia bidhaa wala cha kufidia hasara. Watangulizi waliuza kwa bei ya kawaida ya mjini, wakarudisha ziada mwishoni. Kwa njia hiyo duka lilikuwa na fedha mkononi wakati wote, na aliyezoea kudaiwa akajikuta ana akiba bila kujinyima. Wengi hawakulichukua gawio lao. Waliliacha chamani likaongeza mtaji.

Hesabu zenyewe zinashuhudia. Mwisho wa mwaka 1845 wanachama walikuwa 74, na faida ya mwaka ilikuwa paundi 22. Mwaka 1860 wanachama walikuwa 3,450, mauzo paundi 152,063, na faida paundi 15,906. Tena sehemu ya faida ilitengwa kwa elimu, wakajenga maktaba ya wanachama.

Hata hivyo, msomaji, usidhani kwamba hesabu nzuri pekee hutosha. Mwaka 1854 baadhi ya wanaushirika hao walianzisha kiwanda cha pamba, wakaazimu kwamba wafanyakazi wake watashiriki faida pamoja na wenye hisa. Kiwanda kilistawi, na ustawi ukavuta watu waliotaka hisa bila kujali azimio lile. Wakaongezeka hata wakawa wengi kuliko wenye nia ya kwanza, na mwaka 1862 wakapiga kura ya kuwanyima wafanyakazi fungu lao. Kiwanda kilibaki; kusudi lake likafa. Duka la 1833 lilikuwa na moyo bila hesabu. Kiwanda kilibaki na hesabu bila moyo.

Mfano wa duka la Toad Lane ulienea duniani, na Afrika ya Mashariki nayo ikaona matunda ya ushirika. Katika miteremko ya Kilimanjaro wakulima wa kahawa waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukafuata muungano wa vyama vya ushirika ujulikanao kwa herufi KNCU. Katika Kenya, watoto wengi wamelipiwa karo kwa mkopo wa chama cha akiba na mikopo. Chama hicho hukopesha, jambo ambalo duka la Rochdale lilikataa. Lakini hukopesha akiba ya wanachama wenyewe, kwa wadhamini na kwa hesabu iliyoandikwa. Huruma imetiwa kanuni.

Basi ukiona siku moja haja ya kuwasaidia jirani zako, iwe kwa maji, kwa maziwa au kwa vitabu, usianze kwa kuuliza nani atakupa fedha. Uliza kwanza: kazi hii italipa gharama zake kwa njia gani? Ziada ikipatikana, itakuwa ya nani? Na watakaokuja baada yetu, watazuiwa na nini wasiligeuze kusudi letu? Wafumaji wa Rochdale waliyajibu mawili ya kwanza kwa kanuni zilizoandikwa kabla ya mshumaa wa kwanza kuuzwa. Swali la tatu liliwashinda wenzao wa kiwandani. Haba na haba hujaza kibaba; lakini kibaba chenye tundu, hata kikijazwa kila siku, hakimlishi mtu.