Kamera ya filamu

Kamera ya filamu ni kamera inayohifadhi picha kwenye filamu, yaani utepe wa plastiki uliopakwa chumvi za madini ya fedha ambazo hubadilika zinapopata mwanga. Nchini Tanzania utepe huo huitwa pia mkanda. Mwanzoni mwa karne ya 21 nafasi ya kamera hizo ilichukuliwa na kamera za kidijitali na simu. Hata hivyo wapo wanaozipenda hadi leo, na zikitunzwa vizuri huendelea kufanya kazi kwa miaka mingi.

Utendaji

Mpigapicha anapobonyeza kitufe, shata hufunguka kwa muda mfupi sana, kwa mfano sehemu 1 ya 125 ya sekunde, na mwanga uliopita kwenye lenzi hufika kwenye mkanda. Mkanda wa milimita 35, ulioenezwa na kamera ya Leica iliyoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1925, kwa kawaida hutoa picha 24 au 36. Baadaye mkanda husafishwa kwa dawa gizani ili kupata negativu, na picha huchapwa kutoka kwenye negativu hizo. Kwa kuwa picha haionekani papo hapo, mpigapicha hupima mwanga na umbali kwanza.

Lenzi za zamani

Lenzi nyingi za zamani ni za kioo na chuma, na huzungushwa kwa mkono ili picha ionekane vizuri. Mfano ni Helios 44-2 ya milimita 58, iliyouzwa pamoja na kamera Zenit-E ya Umoja wa Kisovyeti. Lenzi hiyo hufungwa kwa skrubu yenye kipenyo cha milimita 42, hivyo kwa kutumia pete ya kuunganishia huweza kufungwa hata kwenye kamera nyingi za kidijitali.

Afrika Mashariki

Huko Zanzibar, Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mwaka 1930 katika Mji Mkongwe. Mwanawe, Rohit Oza, aliendeleza kazi hiyo. Jijini Dar es Salaam, Mohamed Amin (1943–1996) alianzisha Camerapix mwaka 1963. Picha za kipindi hicho zilipigwa kwa filamu, kwa hiyo negativu zake ni kumbukumbu za historia: negativu ikiharibika, picha mpya haiwezi tena kuchapwa kutoka kwenye asili yake.

Utunzaji

Katika miji ya pwani hewa ina joto na unyevu, hali inayootesha kuvu ndani ya lenzi. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui na hutoa asidi inayoweza kuacha alama za kudumu kwenye kioo. Mkoba wa ngozi hutunza unyevu, hivyo haufai kuhifadhia kamera kwa muda mrefu. Ni afadhali kuiweka kwenye chombo chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu kama vile vinavyokuwa ndani ya maboksi ya viatu, na kuitumia mara kwa mara. Negativu nazo huhitaji mahali pakavu pasipo na joto kali.