Greasemonkey

Greasemonkey ni kiendelezi cha kivinjari cha Firefox kinachomwezesha mtumiaji kubadili kurasa za tovuti kwa vipande vifupi vya msimbo wa JavaScript. Kilibuniwa na Aaron Boodman na kutolewa mwaka 2005. Kipande huandikwa mara moja, kisha hufanya kazi kila ukurasa husika unapofunguliwa: huficha matangazo, huongeza kitufe au hujaza fomu. Mistari yake ya mwanzo hutaja jina la kipande na, baada ya alama @match, anwani za tovuti kinazohusika nazo. Mabadiliko huonekana kwenye kompyuta ya mtumiaji tu, na uhuru huo wa kubadili kurasa ndio thamani kubwa ya kiendelezi hiki. Hata hivyo, kipande chenye nia mbaya kinaweza kuiba nywila inayoandikwa kwenye ukurasa, hivyo msimbo wa mtu usiyemjua usomwe kwanza kabla ya kusakinishwa.