Mahamri na Mbaazi Mjini Houston

Jamaa zangu mlioenea ng'ambo,

Mjukuu wangu wa Houston ameacha nyama, samaki, maziwa, mayai, hata asali. Mamaye alihofu kwamba ameiacha pia meza ya wazee wetu. Nikamwambia: hasha! Asubuhi za Mombasa tulikula mahamri yaliyokandwa kwa tui, na mbaazi za nazi, kwa chai ya mkandaa. Mbaazi asili yake Bara Hindi. Hamira ni neno la Kiarabu. Nazi ni ya pwani yetu. Hamna humo kitokacho kwa mnyama. Mbaazi tulizipata katika maduka ya Wahindi, mtaa wa Hillcroft. Kijana alikula, kisha akauliza ni nani kwetu aliyevuka bahari kwanza kutoka Hadhramaut. Ndipo nikaanza kumsimulia.