Briji: Pointi Hupotelea Mnadani

Mcheza briji akipoteza pointi, atakuonyesha karata aliyoitupa vibaya. Mimi nadhani aanze kutazama mnadani, na lawama zimwendee Harold Vanderbilt. Mwaka 1925, melini kupitia mfereji wa Panama, Mmarekani huyu alibadili hesabu: mizunguko uliyoshinda bila kuiahidi haikusogezi tena kwenye gemu. Zamani uliahidi kidogo ukavuna kingi. Sasa ukiogopa unakosa gemu, ukijitutumua unakula faini.

Desemba 1931 mambo yakaonekana wazi New York. Ely Culbertson, akicheza zaidi na mkewe Josephine, alikabiliana na mkongwe Sidney Lenz na kijana Oswald Jacoby kwa raba 150. Jacoby alipenda kunadi kwa uongo, eti awapoteze wapinzani. Shida ni kwamba mwenzi wako naye anasikia uongo huohuo! Lenz akalalamika, kijana akachoka kulaumiwa, na baada ya raba 103 akaondoka zake. Culbertson akashinda kwa pointi 8,980. Kitabu chake cha 1930, ambacho sehemu kubwa kinafundisha kunadi, kikazidi kununuliwa.