Kuvuka Mlango wa Mbita

Ukipanda matatu steji ya Nyamasaria, Kisumu, asubuhi ya likizo ya Agosti, utafika Rusinga mchana bila kulowa unyayo. Gari hupita mashamba ya mpunga ya Ahero, huingia Katito, hufuata Ziwa Victoria kupitia Kendu Bay na Homa Bay, kisha huelekea Mbita. Hapo kuna daraja fupi, na ng'ambo yake ni kisiwa. Watoto walioahidiwa kisiwa huuliza boti iko wapi.

Swali lao lina haki. Kwa karne mbili hapakuwa na njia nyingine. Abasuba, ambao ndio wenyeji wa Rusinga na Mfangano, walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga. Henry Okello Ayot, mwanahistoria aliyekusanya masimulizi yao na kuyatoa kitabuni mwaka 1979, anaianzia historia hiyo mwaka 1760. Wazee husimulia ugomvi wa kugombea kiti cha Kabaka, koo zilizoogopa kisasi, na safari ya kuruka kisiwa hadi kisiwa kuelekea mashariki. Walikuwa watu wa maji. Mitumbwi ya ziwa hili, ya mbao ndefu zilizoshonwa kwa kamba, ilibeba familia nzima pamoja na mbuzi na mbegu.

Waliposhika makao, majirani zao wa bara walikuwa Waluo, na jirani huoa kwa jirani. Mama wa Kiluo alimbembeleza mtoto kwa Dholuo. Baadaye Injili ikaja kwa Dholuo, na mwalimu wa darasa la kwanza akafundisha kwa Dholuo. Hakuna aliyepiga marufuku Olusuba, lugha ya Abasuba. Lugha ilipungua nyumba kwa nyumba, hadi Rusinga ikabaki na majina ya koo na ya mahali, huku mazungumzo ya sokoni yakiwa ya Kiluo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ziwa lilileta msiba. Ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ulianza kuteketeza watu Busoga na Buganda na kufika pwani ya huku, iliyoitwa Kavirondo. Upande wa Uganda, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kutoka visiwani na ufuoni kwa amri. Hata leo, ukikaribia Mbita unaliacha kando Bonde la Lambwe, sehemu yake sasa ikiwa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Mbung'o walichangia pakubwa kulifanya bonde lile libaki na swala na twiga badala ya vijiji.

Mbali sana, kwenye Ziwa Winnipeg huko Kanada, kuna kisiwa ambacho Msuba angeitambua historia yake. Oktoba 1875 kundi la wahamiaji kutoka Iceland lilishuka ufuoni karibu na mahali walipopaita Gimli. Mwaka uliofuata wengine wengi walifika, baadhi wakavuka hadi kisiwa kinachoitwa Hecla, kwa jina la volkano ya kwao. Walikuwa wavuvi. Majira ya baridi ya 1876 hadi 1877 ndui iliua takriban 100 kati yao, na ikawaangamiza zaidi wenyeji wa asili waliotangulia kuishi pale. Wajukuu walipohamia mijini, kisiwa kikafanywa hifadhi, na tuta likajengwa ili gari lipite. Siku hizi familia huenda Hecla kupumzika na kutazama nyumba za mababu. Walichobahatika nacho ni karatasi: waliandika barua na magazeti kwa lugha yao tangu mwanzo. Abasuba walikuwa na wazee tu, na wazee hufa.

Huku kwetu, reli ilipofika Port Florence, yaani Kisumu, mwaka 1901, ziwa lilipata meli za mvuke zilizoletwa vipandevipande kutoka Uskoti na kuungwa hapa. Mojawapo, ya mwaka 1914, iliitwa SS Rusinga. Kwa hiyo jina la kisiwa lilizunguka bandari za nchi tatu wakati wakazi wake bado wanapiga kasia kwenda Mbita.

Wageni wa sayansi nao walivuka kwa boti. Oktoba 1948 Mary Leakey alipata Rusinga fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya sokwe wa kale, asiye na mkia, aliyeishi miaka takriban milioni 18 iliyopita. Alilisafirisha mwenyewe hadi Uingereza, na magazeti yakamsubiri. Kilichohifadhi mifupa hiyo ni majivu ya Kisingiri, volkano iliyozimika zamani upande wa bara. Ukiwapeleka watoto kwenye makorongo ya kisiwa hicho, waonye mapema: kinachookotwa hakibebwi.

Msafara mzito kuliko yote ulikuja Julai 1969. Tom Mboya alizaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge karibu na Thika, walikofanya kazi wazazi wake kutoka Rusinga. Akawa kiongozi wa wafanyakazi, mpangaji wa safari za ndege zilizowapeleka vijana kusoma Marekani kuanzia 1959, kisha waziri. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi Nairobi. Tuta la kuunganisha Rusinga na Mbita lilikuwa halijajengwa, hivyo jeneza lilivushwa majini. Kaburi lake liko Kasawanga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi. Mimi huona umbo hilo ni kali mno kwa mtu aliyefanya mengi akiwa hai, lakini hakuna mgeni anayelisahau.

Tuta lilikuja miaka ya 1980. Mawe yalimwagwa kwenye Mlango wa Mbita, na kwa mara ya kwanza mgonjwa wa usiku aliweza kufikishwa Mbita kwa gari, na samaki wa alfajiri kuwahi soko. Lakini mlango uliozibwa ulikuwa pia njia ya maji. Maji yakatuama, magugumaji yakajikusanya, na wavuvi wakalazimika kuzunguka kisiwa kizima. Miongo mitatu baadaye tuta lilikatwa na daraja likawekwa. Maji yanapita tena chini, matatu juu.

Familia inayotaka Rusinga tulivu itaipata: ngege wa kukaanga, omena wameanikwa juu ya nyavu, na usiku usio na mwezi taa za wavuvi zimetapakaa ziwani. Anayetaka kusikia Olusuba aendelee. Mfangano haina daraja. Pale Mbita boti za injini hujaza abiria, magunia na kreti za soda, na kisiwani kuna redio ya jamii, Ekialo Kiona, inayotangaza kwa Olusuba. Nauli ulizia gatini, na ukae kati. Wanaokaa mbele hulowa.